Kodi ya Mlango Mmoja

Mwanangu Zuhura,

Wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi yako Kikwajuni, na mama yako hajui kuaga kwa haraka, kwa hiyo nina muda mpaka karibu na magharibi. Nimetia komeo mlango wa mbele na kuongeza sauti ya redio kidogo. Nakuandikia barua wewe ninayelala nawe nyumba moja kwa sababu ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na siku hizi yapo maneno ambayo mtu hawezi kuyasema hata kwa mwanawe bila kusikiliza kwanza nani anakohoa upande wa pili. Jirani yetu ni mtu mwema. Nasema hivyo kwa moyo safi, na bado namwogopa.

Habari za kula na kulala, za chandarua na za kutoazimisha nguo, mama yako ameshakuusia na atakuusia tena kesho mpaka kwenye ngazi ya meli, unapokwenda masomoni. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelizunguka wiki nzima bila kuthubutu kuligusa. Leo asubuhi, ulipokwenda kuchukua kibali chako cha kusafiri, nilifungua sanduku lako bila ruhusa yako. Nisamehe. Nilikuwa nazitafuta zile kurasa mbili.

Juzi wakati wa chai ulinambia, uso wako wote ukicheka, "Baba, zile kurasa zako nnakwenda nazo. Nataka mwalimu wa uchumi azione. Ntamwambia baba yangu aliyafikiri haya zamani." Mama yako akajaa fahari. Mimi nikamwaga chai kwenye kisahani, nikasema mkono umeanza kutetemeka kwa uzee. Nina miaka hamsini na mbili, Zuhura. Mkono haukutetemeka kwa uzee.

Unazijua kurasa hizo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni wewe uliyezinakili. Ulikuwa wa miaka kumi na tatu, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, na mwandiko wako ulikuwa umeshaupita wangu. Ulipiga magoti mkekani, ukafanya sanduku la nguo meza, ukaniuliza "mapato" maana yake nini. Ukaandika nakala mbili, moja ya ofisini na moja ukaiweka ndani ya atlasi yako. Lakini sikukuhadithia wazo lile lilitoka wapi, na hasa sikukuhadithia lilinifikisha wapi.

Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa ushuru sokoni Darajani. Wanawake wa Matemwe walikuwa wakija na pweza na dagaa, wamelipa kidogo kule kwao, wakalipa tena kuingia sokoni, wakalipa tena kwa pahala pa kuweka kapu. Mwenye baiskeli alikuwa na leseni yake ya kulipia, mwenye mbwa na yake, muuza kahawa na yake. Mimi kazi yangu kukata risiti. Siku moja mwanamke mmoja aliniuliza, wala hakuwa na hasira, pweza wake atabaki na mikono mingapi akifika kwa mnunuzi. Nilicheka naye, kisha nikamkatia risiti.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kisiwa hiki kina kitu kimoja ambacho dunia yote inakitaka, na kitu hicho kinatokea mlango mmoja, bandarini. Kwa nini serikali isisimame kwenye mlango huo tu? Ichukue chake kwenye karafuu, iwaachie mwenye pweza, mwenye baiskeli na mwenye kapu la muhogo waende zao. Kodi moja, pahala pamoja, basi. Hakuna karani wa kumfukuzia mtu sokoni. Nililipenda wazo lile kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi, maana nyumba ya karatasi haivuji.

Baada ya Mapinduzi makarani wengi wakubwa waliondoka, na sisi wa chini tukapanda bila ya kutarajia. Mkubwa wetu mpya, mtu mpole, akatukusanya, akasema kila mmoja atoe fikra zake. Siku hizo watu walikuwa bado wanazitoa. Nikasimama nikaeleza habari ya mlango mmoja, pamoja na pweza na mikono yake, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkubwa akataka niyaandike. Ndiyo kurasa zile.

Sitaki kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Sijui kama karatasi zile zilifika popote. Huenda zilifungiwa vitumbua. Waliokuwa juu yangu walikuwa na akili zao na sababu zao, na karafuu zilikuwa zikiilisha serikali tangu mimi sijazaliwa. Nyumba ile sikuijenga mimi. Lakini niliipigia debe, na ilipokamilika, leseni ndogo ndogo zimefutwa na karafuu ndiyo inayolipa, nikapewa kiti mlangoni. Nilihamishiwa bandarini, kwenye upekuzi wa mizigo inayotoka, na nikaona nimetunukiwa.

Na mwanzoni ilikuwa tamu, sitakuficha. Wewe ulisoma bila ya ada. Mama yako alilazwa hospitali siku kumi na moja akatoka bila ya kudaiwa. Nilikuwa nikipita Darajani kifua mbele, nikiwatazama wale wanawake na makapu yao, nikijiambia moyoni kuwa hawajui ni nani aliyewafikiria.

Aliyenitoa usingizini kwanza ni mjomba wako Haji. Unajua aligawiwa na serikali eka zake tatu karibu na Kizimbani, na mikarafuu juu yake, akashukuru kama sisi sote. Lakini karafuu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, serikali, na bei aliyolipwa mkulima kituoni ilikuwa mbali kabisa na bei iliyouziwa ng'ambo. Tofauti ile ndiyo iliyokuwa kodi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Siku moja nilimkuta amekaa barazani wakati wa mavuno, hana hata jamvi moja lililoanikwa, na karafuu zake zinachanua mtini. Karafuu ikishachanua haina kazi tena, unalijua hilo. Nikamuuliza vipi.

"Shemeji," akanambia, "mmensamehe leseni ya baskeli, ahsanteni sana. Lakini baskeli yenyewe nshaiuza."

Nilimkasirikia. Nilimwita mvivu, mbele ya wanawe. Sikumwomba radhi mpaka leo, na nadhani amenisamehe bila ya kuombwa, maana ndiyo tabia yake, na hilo linaniumiza zaidi.

Watu walipoona karafuu yao haiwalishi hapa, wengine wakaanza kuipitisha kwa njia za pembeni kuipeleka ng'ambo. Na karafuu haizai kila mwaka sawasawa. Mwaka ulipokuwa mbaya, kila kitu kilikuwa kibaya pamoja nao, kwa sababu hapakuwa na mlango wa pili wa kukimbilia. Amri zikaongezeka pale kwetu. Mwanzo tulikuwa tukitafuta magunia. Baadaye vifurushi. Mwisho tukaambiwa hata punje moja, na adhabu yake ikawa inasemwa kwa kunong'ona, kila mtu akiitaja tofauti na kila mmoja akiikuza zaidi.

Hodi imepigwa. Niliitia barua chini ya godoro, nikakaa juu yake nikaitikia. Ni mtoto wa jirani, ametumwa kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nimempa. Nilipoishika kalamu tena niliona nimetokwa na jasho mpaka kwenye vidole. Haya ndiyo maisha ya baba yako, unayetaka kumsifu mbele ya walimu.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata mama yako halijui.

Palikuja bibi mmoja, mwaka juzi, siku ya meli. Kibali chake kilisema anatoka upande wa Kizimbani, na anakwenda Tanga kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alikuwa na mkoba wa ukindu na ndani yake doti mbili za kanga, na katika mkunjo wa kanga kitambaa kimefungwa fundo. Sikuhitaji kulifungua. Katika chumba kile mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa pua. Wenzangu walisema nanusa karafuu ndani ya pipa la samaki. Kulikuwa na kama kiganja kimoja tu.

"Hizo za jino, mwanangu," akanambia. "Na nyengine za nguo za mjukuu."

Kidole changu kilikuwa juu ya fundo. Upande wangu wa kulia alisimama mtu wa shati la kijani ambaye hatukuwa tukilijua jina lake wala hatukuuliza. Ningeweza kuurudisha mkunjo ule, nikasema pita bibi. Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu siku ile. Pengine yule mtu alikuwa akitazama meli. Pengine naye alikuwa na mama mwenye jino bovu. Lakini mimi sikumtazama usoni nijue, kwa sababu niliogopa akiniona namtazama angejua kwa nini.

Nikasema, "Bibi, subiri hapo kidogo."

Akasema, "Haya, baba." Akakaa kwenye benchi, akaliweka sawa buibui lake, akanishukuru kwa kumpa pa kukaa. Wakaja wawili wakamwita kwa upole, wakapita naye mlango wa nyuma. Meli ikaondoka. Mkoba wake ulibaki chini ya benchi mpaka jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeugusa.

Mwanamke yule, Zuhura, ni mmoja wa wale wale ambao niliandika kurasa mbili ili niwaondolee karani njiani. Nikamwekea karani mmoja tu njia nzima, na karani mwenyewe nikawa mimi.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kwa mjomba wako kwa kisingizio cha kutaka muhogo, kisha nikatembea kwa miguu kutafuta nyumba ya bibi yule. Nikaikuta mlango umefungwa kwa kamba. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa akichambua karafuu. Nikamuuliza. Hakuinua kichwa. "Bi mkubwa hajarudi," akasema, "na wewe ukinpenda, usin'ulize." Nikarudi zangu na muhogo wangu. Huenda alirudi mwezi uliofuata, watu wanarudi. Huenda hivi sasa yuko kwao, jino lake limeng'olewa, na mjukuu anatambaa. Sijui, kwa sababu sikwenda tena kuuliza. Kile kidole kwenye fundo kilikuwa kosa la dakika moja. Kutokwenda tena ni kosa ninalolifanya mpaka leo, kila siku ninapoamka.

Ndipo nikamwambia mkubwa wangu kuwa mafua makali yameniua pua, sisikii tena harufu yoyote, na mpekuzi asiyenusa ana faida gani. Akanihamishia stoo ya makaratasi. Na uongo ule ilibidi niulete nyumbani, kwa sababu mama yako angesema kwa jirani, na jirani kwa mwengine. Mwaka wa pili huu mama yako anafunua chungu ananiuliza, "Bado?" nami najibu bado. Wewe mwenyewe uliniletea mafuta ya mkaratusi kwa pesa zako. Pua yangu haijafa, mwanangu. Haijapata kuwa nzima kama ilivyo sasa.

Kwa hiyo leo asubuhi nilipoinua kifuniko cha sanduku lako, kabla sijaona nguo wala kurasa, nilijua.

Mama yako amefanya kama alivyofanyiwa na mama yake. Kwao mtoto wa kike hatoki nyumbani na nguo zisizonukia. Nimekuta mafundo matatu: moja ndani ya gauni la buluu, moja kwenye kanga, moja kwenye pembe chini ya karatasi. Yamefungwa kwa namna ile ile wanayofunga wanawake wote wa kisiwa hiki. Usimlaumu. Anaijua sheria, anaisikia redioni kama sisi, lakini kwake yeye sheria ile ni ya magunia na majahazi, si ya sanduku la mwanawe. Hata bibi yule alifikiri hivyo hivyo. Nadhani kila mwanamke wa hapa anafikiri hivyo, na siwezi kumwambia mama yako kwa nini anakosea bila ya kumwambia habari ya benchi lile.

Nilikaa sakafuni mbele ya sanduku. Nilikuona wewe umekaa pale, unaliweka sawa buibui lako, unamwambia mtu "Haya, baba."

Nimeyatoa mafundo yote matatu. Nguo nimezikung'uta moja moja, nimezifukiza udi ili harufu izame ndani ya harufu nyengine, nimezikunja tena. Ukiona zimekunjwa vibaya ni mimi. Katika upindo wa sketi yako ya shule nilikuta punje nne zimeanguka. Nimepekua mara tatu baada ya hapo, kwa ufundi wote niliofundishwa, na sikupata ya tano. Lakini nimekuwa kwenye kazi ile, najua kuwa ya tano huonekana pale mezani, mbele ya watu. Tafadhali, ukishaisoma barua hii, pekua tena wewe. Macho yako ni mazuri kuliko yangu na mikono yako haitetemeki.

Kesho sitakuja bandarini. Nitasema tumbo. Mama yako atakasirika na wewe utaumia, ndiyo maana nakwambia sababu. Watu wa pale wananijua, na uso wangu haujui kuficha. Nikisimama pale nikilitazama sanduku lako, watalitazama na wao. Nitakaa hapa Jang'ombe nisikilize honi ya meli. Ikilia kwa wakati wake nitajua imeondoka, lakini haitanambia kama umo ndani. Hilo nitalijua mama yako atakaporudi, kwa namna atakavyofungua mlango.

Na zile kurasa? Nilizikuta, ndani ya atlasi kama ulivyoziweka wakati ule. Nimezisoma tena, nikauona mwandiko wako wa utotoni, nikashindwa kuzichana. Nimeziacha. Hazina hatari, zinasifu tu. Mwonyeshe mwalimu wako ukitaka. Sikwambii kodi nyingi ni bora. Nimewakatia risiti wenye kapu moja la dagaa, nakumbuka nyuso zao. Na hesabu iliyo kwenye kurasa zile sidhani kama ina makosa. Kosa ni kuwa nilimfikiria mwenye pweza, nikaifikiria serikali, na sikumfikiria yule atakayesimama mlangoni. Serikali yenye milango mingi, bibi akipita mmojawapo na kiganja cha karafuu, haijali, inakula kwengine. Yenye mlango mmoja haina kwengine. Kiganja kile kwake ni mkono uliotiwa kwenye sahani yake ya pekee, na lazima iogope. Na serikali inayoogopa inamweka mlangoni mtu anayeogopa, na mtu huyo anaweza kuwa karani mwema anayewapenda wanawake wa Matemwe.

Utasoma mambo mengi huko, na mengine yatakuwa mazuri, mepesi, yameingiana kama wazo langu. Utayapenda, kwa sababu umenirithi mimi katika hilo. Yapende. Ila kila utakapomaliza kusoma moja, jiulize nani atakaa kwenye kile kiti, na ataogopa nini, na ni nani atakayemwambia asubiri kidogo. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nasikiliza makofi.

Kurasa zile ni mbili na zilitakiwa kuwa tatu. Ya tatu ndiyo hii unayoisoma, na hii haisafiri. Nitakupa mkononi mara utakaporudi, wakati mama yako anavua buibui. Isome chumbani kwako, kisha uje jikoni uitie kwenye mkaa mwenyewe, usimwachie mtu. Habari ya bibi ichukue kichwani, huko hawapekui. Sina jina lake la kukupa. Lilikuwa kwenye kibali, nililisoma, na nimelisahau, na hilo nalo naliogopa.

Zile karafuu nimezirudisha kwenye kopo la viungo. Mama yako amepata mchele, kwa foleni ya siku mbili, atakupikia pilau ya safari, kwa hiyo utaondoka nazo vilevile, kwa njia halali. Akikuuliza kama nguo zako zinanukia mwambie zinanukia. Hutakuwa umesema uongo.

Nawasikia mmefika kwenye kona, mama yako anaagana na mtu mwengine tena. Namaliza. Mungu akulinde mlangoni na baada ya mlango. Leo tutakula pamoja mkekani, na mama yako atafunua chungu, na harufu itajaa nyumba nzima mpaka kwa jirani. Ataniuliza kama kawaida yake kama pua imerudi. Nitamwambia bado. Nakuomba, mwanangu, wakati huo usinitazame.

Baba yako